Pampu ya diaframu: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Tangu Jim Wilden wa Marekani alipobuni pampu ya diaframu mbili inayoendeshwa kwa hewa, mwaka 1955, umbo lake la msingi lipo palepale: diaframu mbili (utando wa mpira au plastiki unaosukuma kimiminika) kwenye shafti moja, vyumba viwili vya kimiminika, gololi nne zinazofungua na kufunga njia, na valvu ya hewa katikati. Kilichoongezeka ni uchaguzi. Kiwanda cha rangi Nairobi au mtambo wa kuchenjua shaba Kolwezi, Kongo, leo unaweza kuagiza karibu kila kipande kwa matakwa yake. Ubishi uliopo ni kama matakwa hayo yote yanalipa.

Kwenye sehemu zinazogusa kimiminika, yanalipa, na anayebana matumizi hapo anajidanganya. Asidi ya salfa ya kuchenjulia shaba hula aluminiamu. Mwili wa polipropilini huistahimili ikiwa imezimuliwa, ila joto likikaribia nyuzi 80 plastiki hiyo hulegea. Kwa rangi ya thina mambo hugeuka: polipropilini ya kawaida haipitishi umeme, chaji hujikusanya, na cheche moja yatosha kuwasha mvuke. Hapo panatakiwa chuma kilichofungwa waya wa athi. Na aluminiamu isikutanishwe kamwe na viyeyusho vyenye klorini kama methilini kloridi, kwa kuwa huweza kuchachamaa ndani ya pampu na kuipasua.

Diaframu nazo zina tabia zake. EPDM, aina ya mpira wa sintetiki, hustahimili alkali na asidi nyepesi, lakini mafuta huifanya ivimbe. Nitrili, mpira mwingine wa sintetiki, hustahimili mafuta, ila asetoni huiharibu. Tefloni, ambayo ni plastiki, hustahimili karibu kemikali zote, na ndiyo maana wengi huiagiza bila kufikiri. Lakini ni ngumu: mpigo wake, yaani mwendo wa kwenda na kurudi, ni mfupi, kila mpigo hutoa ujazo mdogo, na uwezo wa kuvuta pampu ikiwa kavu hupungua. Isitoshe, Tefloni huhama taratibu chini ya mkandamizo, hivyo boliti hulegea zenyewe. Zikazwe upya baada ya saa 24 za kwanza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Uvujaji mwingi unaoitwa "pampu feki" huanzia hapo.

Diaframu yenye bamba lililozamishwa ndani ya mpira ni hatua kubwa mbele. Ile ya zamani ina bamba la nje lililokazwa kwa boliti katikati. Tope lenye mchanga hujipenyeza ukingoni mwa bamba na kusaga mpira mpaka utoboke. Ya kisasa ina uso laini, mchanga hauna pa kujificha, na kimiminika hakina tundu la kupita kuelekea upande wa hewa. Kasoro yake ni bei, na kwamba mara nyingi hupatikana kwa mtengenezaji mmoja tu. Usipokuwa na seti ya akiba stoo, mtambo utasimama mpaka mzigo ufike bandarini na kutoka.

Valvu za hewa zisizohitaji mafuta ni faida isiyo na mjadala mrefu. Tatizo ni mafundi wanaoendelea kuweka kilainishi kwenye mstari wa hewa kwa mazoea: mafuta hayo huosha grisi iliyowekwa kiwandani, na valvu huanza kukwama. Kinachohitajika ni hewa kavu. Mwambao, ambako kompresa huvuta hewa yenye unyevu mwingi, barafu huweza kuziba sailensa, kipunguza kelele cha tundu la kutolea hewa, hata siku ya joto, kwa sababu hewa inayotanuka ghafla hupoa mno.

Mabishano makali yako kwenye kuendesha pampu kwa mota ya umeme badala ya hewa. Hewa ya kompresa ni nishati ghali: mita moja ya ujazo kwa dakika, kwa mgandamizo wa bar 7, huhitaji takriban kilowati 6.5. Pampu inayotumia kiasi hicho saa 8 kwa siku, siku 300, inakula uniti 15,600 kwa mwaka. Ya umeme hufanya kazi hiyohiyo kwa sehemu ndogo ya uniti hizo. Lakini ya hewa ukiifungia valvu ya kutokea husimama tu bila kuumia, na ukifungua huendelea. Ya umeme hutegemea kidhibiti cha kielektroniki kuiga tabia hiyo, na umeme unaopanda na kushuka ni adui wa vidhibiti. Inayofanya kazi mchana kutwa sehemu isiyo na mvuke wa kulipuka, naipa umeme. Inayowashwa dakika 20 kuhamisha pipa, ibaki na hewa.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa marekebisho hulisema kwa sauti ya chini. Diaframu nyingi hupasuka kwa jinsi pampu inavyofungwa na kuendeshwa, wala si kwa kemikali. Bomba jembamba la kuvutia kimiminika kizito hulazimisha diaframu kunyooka kupita kiasi. Tangi lililo juu sana huisukuma kwa zaidi ya bar 0.7 kabla hata haijaanza kazi. Tope lililoachwa ndani usiku hutulia chini ya chumba likawa gumu, na asubuhi mpigo wa kwanza huibana diaframu juu yake. Dawa ni bomba la kuvutia lisilo dogo kuliko mdomo wa pampu, kusafisha kwa maji kabla ya kuzima, na kuchukua pampu kubwa kwa saizi moja kisha kuiendesha kwa nusu ya kasi yake.