Mzio mkali hauishii kwenye vipele
Makala niliyoyasoma kuhusu mzio mkali (aleji) yameeleza vyema mzio wa karanga na samaki, lakini huku kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, ambako mizinga haiko mbali na mashamba ya parachichi, ningependa nyuki nao watajwe. Shemeji yangu alipoumwa na nyuki mmoja tu, alitokwa na vipele, midomo ikavimba, sauti ikakwama, na kabla ya robo saa kupita alikuwa akihema kwa shida. Nasi tukahangaika kumpa kidonge cha mzio, ambacho hakiwezi kufungua koo wala kupandisha shinikizo la damu lililoshuka. Kinachohitajika mara moja ni sindano ya adrenalini, dawa inayofanya kazi hizo mbili, kwenye msuli wa paja. Hata akipata nafuu, mgonjwa abaki hospitalini, kwa sababu dalili huweza kurejea baada ya saa kadhaa.