Majivu ya volkano kwenye saruji: nguvu ipo, ila huchelewa

Mafundi wengi wakiambiwa saruji ina majivu ya volkano husema imechakachuliwa. Hapana. Viwango vinaruhusu, na mfuko wenyewe unasema. Ukikuta CEM IV/B-P 32.5N (CEM na herufi zake ni aina ya saruji, 32.5 ni daraja la nguvu yake), klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa ambayo ndiyo kiini cha saruji, ni asilimia 45 hadi 64, na pozolana asilia kama majivu haya, ndiyo hiyo herufi P, ni 36 hadi 55. CEM I, saruji ya karibu klinka tupu, ina klinka asilimia 95 au zaidi.

Klinka ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, pamoja na chokaa huru isiyo na nguvu ya maana. Silika (madini yaliyomo kwenye majivu) huila chokaa hiyo ikaifanya gundi nyingine. Vitundu vya zege huziba, na salfeti, chumvi za maji ya bahari zinazokula zege, hupata kidogo cha kushambulia. Kwa ujenzi wa pwani hiyo ni faida kubwa, tena ya miaka mingi.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo huenda taratibu. Kwa vipimo vya maabara, saruji ya daraja la 32.5N inadaiwa megapaskali 16 (kipimo cha nguvu ya kuhimili mgandamizo) ikifika siku 7, ya daraja la juu zaidi, 42.5N, inadaiwa 10 ndani ya siku 2 tu. Penye baridi kama Njombe au Limuru, kukomaa huchelewa zaidi. Anayeng'oa mirunda ya slabu baada ya wiki anacheza na roho za watu.

Halafu maji. Majivu hunyonya, mchanganyiko huonekana mkavu, fundi huongeza ndoo. Mfuko wa kilo 50 uliopaswa kupewa lita 25 ukipewa 32, uwiano wa maji kwa saruji hutoka 0.5 hadi 0.64 na nguvu huporomoka. Lawama hubebeshwa saruji.

Saruji nyingine huchanganywa unga wa mawe ya chokaa badala ya majivu (herufi L au LL kwenye mfuko), na huo ni habari nyingine: huharakisha kidogo ugumu wa siku za mwanzo, lakini baadaye hauna cha kuongeza.

Kwa plasta, matofali na msingi, 32.5 inatosha, mradi imwagiliwe siku 10 hadi 14. Kwa nguzo, boriti na slabu ningechukua 42.5, kwa sababu saiti nyingi hazina subira wala maji ya kutosha. Nayo yaweza kuwa na majivu, kwa mfano CEM II/A-P 42.5N, na hakuna ubaya.