Chapati 32,768

Najua mmeshaisikia. Jamaa ninayelala naye chumba kimoja ameirusha kwenye magrupu yote, na ameongeza chumvi kwamba nililia. Sikulia. Jasho liliniingia machoni.

Jana jioni, kikao chetu cha kusoma kerneli, ule moyo wa mfumo wa Linux. Mada: opirandi (vitu ambavyo amri huvifanyia kazi) za asembli, lugha ya karibu kabisa na mashine, ndani ya programu ya lugha ya C. Mwalimu mimi, maana wiki nzima nilikuwa najisifu. Nikawaonyesha Linux inavyojumlisha kwa mkupuo mmoja kwenye prosesa za x86: lock addl %1,%0. (Aliyedhani hizo ni asilimia anyooshe mkono. Usione haya, na mimi nilianzia hapo.) %0 ni opirandi ya kwanza kwenye orodha, yaani kihesabio, %1 ni kile kinachoongezwa. Mpaka hapo nilikuwa profesa.

Binti wa mwaka wa kwanza akauliza, "Kaka, mbona kihesabio umekiandikia "=m"? Kwenye kerneli naona "+m"."

Nikacheka. Yarabi, nilicheka! "Mdogo wangu, hayo mapambo tu. Chapati ziko 10, naongeza 1. Zisipotoka 11, nawanunulia zitakazotoka."

Chumbani zilitoka 11 kila nilipojaribu. Ila chumbani sikuwasha -O2, ile swichi ya kumwambia kompaila (mgeuza programu kuwa lugha ya mashine) aichonge iende kasi. Pale nikaiwasha kwa madaha, eti kerneli nayo hukompailiwa hivyo. Nikabonyeza Enter huku nimewageukia wao, skrini mgongoni, mkono kiunoni, nasubiri makofi.

Kimya.

Mmoja wa nyuma akaanza kusoma taratibu, kama anayesoma majina ya waliofeli. "Elfu..."

Elfu? Chapati gani za elfu?

"...thelathini na mbili... mia saba..."

Shingo ikagoma kugeuka.

"...sitini na nane."

Yule binti hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaeleza kwa upole: "=m" humwambia kompaila hapo pataandikwa tu, cha zamani hakisomwi. Kompaila akaona 10 yangu haina kazi, akaitupa. Addl ikaongeza 1 juu ya takataka iliyokuwamo. "+m" ndiyo isemayo soma, kisha andika. Na lock niliiweka jamani! Nikafunga mlango kwa kufuli viini vingine vya prosesa visiingilie, kumbe 10 yenyewe haikuwahi kuingia ndani.

Nikabadili alama, zikatoka 11, tukatawanyika. Hizo 11 nimeshanunua. Leo asubuhi mama chapati wa getini kaniuliza zilizobaki nazichukua lini, maana unga umepanda bei.