Jini la Gede

Shemeji yangu alipokuja Malindi kutoka Nakuru, hakutaka bahari. Alitaka majini. "Nasikia Gede wamejaa," akasema. Mimi mwenyeji nikaona haya kumwambia kwamba mara ya mwisho kuyakanyaga magofu yale nilikuwa darasa la sita.

Tukaenda Ijumaa baada ya swala, nami nikiwa bado na kanzu yangu nyeupe ya pasi. Mwongoza watalii tuliyempata getini alikuwa mtu wa tarehe. Akatusimamisha mbele ya kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Akatupitisha msikiti mkuu, akatueleza wenyewe walivyouhama mji karne ya 17, kisha UNESCO ilivyouingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Shemeji akapiga mwayo mpaka nikaliona gego lake lililozibwa.

Mgeni ni wangu, aibu yangu. Nikamvuta kando, kwenye ua wa jumba la mfalme, mizizi ya miti imekumbatia kuta, jua halifiki chini.

"Hapa ndipo wanapopita," nikamnong'oneza. "Ukisikia nyayo usigeuke."

Akatoa simu, akaanza kurekodi. Nikanogewa. Nikamuongezea bibi mmoja mrembo mwenye mguu wa punda, na bado nilikuwa namtafutia mume.

Nyuma ya ukuta kukasikika: pa! Pa! Pa-pa-pa! Kwato tupu, juu ya majani makavu.

Yaliyofuata nayajua kwa ushahidi wa video. Nilipandisha kanzu magotini, kiatu kimoja kikabaki kwa mfalme, Ayatul Kursi nikaianzia katikati. Kaburi la 1399 nililipita bila kusoma tarehe.

Mwongoza watalii akanidaka karibu na geti. "Ni sange tu huyo, kaka," akasema. Kumbe ni kanyama kadogo, pua ndefu, makalio rangi ya dhahabu, na kakishtuka hupiga mkia kwenye majani. Halafu, kwa upole ulioniumiza kuliko kicheko, akauliza kama niko tayari sasa amalizie habari za visima.

Jioni video ikaingia kwenye kundi la familia. Mama mkwe, huko Nakuru, akaitazama, kisha akaandika: "Nimeliona jini. Si hilo jeupe linalokimbia?"