Mlango Unaofunga Kama Friji

Haya, naona ile klipu ya mimi na mama mkwe kwenye gari imeshafika mpaka Arusha. Binamu yangu ambaye hatujaongea tangu arobaini ya bibi kanipigia jana, hasemi kitu, anacheka tu hewani mpaka salio likamwishia. Sasa ngoja niseme mwenyewe, maana yule jamaa aliyerusha kwenye status kaandika "MKWE AZIMIA NDANI YA VOLKSWAGEN". Mama hakuzimia jamani. Mama alikuwa mzima muda wote, tena anahoji kama hakimu. Aliyekaribia kuzimia ni mimi, na sio kwa sababu ya joto.

Mnaonifuatilia siku zote mnamjua Kobe. Kwa wageni: ni Volkswagen ya mgongo wa mviringo, ya 1972, ya baba mkwe. Mzee aliiegesha chini ya mwembe kule Muheza mpaka kuku wakawa wanatagia kiti cha nyuma, halafu mimi nilipooa nikajifanya najua magari (nilikuwa nimebadilisha plagi ya pikipiki, mara moja) akanikabidhi ufunguo mbele ya watu. Utakataaje?

Sasa Mjerumani aliyeunda hii gari aliiwekea hita. Hita, Tanga hapa, ambapo saa nne asubuhi shati limeshagandana na mgongo. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo, basi ile hewa ya moto inaletwa mbele kupitia njia mbili za bati zinazopita chini ya milango, moja kulia moja kushoto. Nikazikuta zimeoza, ukiminya kwa kidole kinapita. Nikasema hita ya nini, kata. Kumbe zile bati ndio zinazobeba bodi nzima, milango imesimama juu yake. Fundi bodi wa mtaani aliniambia kabisa: "Bosi, mlango ndo kipimo. Ufunge kwanza mlango mahali pake, chomelea bomba la kushikilia nguzo hii na hii zisikimbie, ndo ukate chini." Mimi nilishaangalia video tatu. Nikavua milango yote miwili ili nipate nafasi ya grainda, nikakata, nikamwita kijana wa welding akachoma bati mpya, tukanywa soda.

Kurudisha milango ikachukua wiki tatu. Sitawachosha, ila jueni tu kwamba bawaba za Kobe zinashikwa na skrubu zenye vichwa vya msalaba vikubwa ambazo bisibisi ya kawaida inazila, unatakiwa ile ya kugonga na nyundo, na nyuma ya nguzo kuna kibati chenye nyuzi kinachocheza, ndicho kinachokuruhusu usogeze mlango juu chini mbele nyuma. Ukipandisha mbele, nyuma kunashuka. Ukiweka gepu sawa juu, chini linafunga. Nilikuwa napima kwa sarafu mbili za mia mbili zilizobebana, nazipitisha pembeni mwa mlango kama mganga. Siku zilipopita pande zote bila kukwama nililia kidogo, mke wangu shahidi. Nikapost. "Mlango unafunga kama friji." Mkanipa pongezi mia na kitu, na mimi nikajibu kila mmoja.

Ambacho sikupost ni kwamba wakati huo gari ilikuwa imekalia tofali katikati, matairi yananing'inia, na bodi nimeifunga kwenye chesisi kwa bolti nne tu za kwenye kona. Zingine zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilisema nitafunga baadaye.

Jumamosi mzee akasema anakuja na mama kuiona. Asubuhi nikaishusha kwa jeki ya kuazima, nikairudisha jeki kwa mwenyewe haraka kabla hajaanza kupiga simu (kumbukeni hiyo jeki). Nikajaribu mlango. Ukagoma kidogo juu, kwenye kona ya nyuma. Nikausukuma kwa nyonga, ukaingia. Ile sauti ya bati kulia nikajifanya sijaisikia.

Wakafika saa sita na jua lake, na nusu gunia la machungwa, maana mtu wa Muheza haji mikono mitupu. Mzee alipoiona Kobe inang'aa akabadilika sura, akasema gunia liwekwe kiti cha nyuma kama zamani alivyokuwa analeta sokoni, na mama akae kushoto kama siku alipoletwa bi harusi, apigwe picha. Nani ambishie mzee? Mama akaingia, khanga mbili mpya, mimi nikamfungia mlango. Ukagoma. Nikausindikiza kwa nyonga, paaa. Nikazunguka nikakaa kwenye usukani, nikavuta wangu kwa nguvu zote mbele ya umati, paaa, nikawaangalia watu kupitia kioo kama nimefunga goli.

Halafu Kobe akashuka.

Sio sana. Labda unene wa ukucha. Nilisikia kwanza chini ya kiti, kitu kama mtu anayejinyoosha mgongo, kriiii, halafu nikaona kwa macho yangu ule mstari wa mwanga juu ya mlango wa mama, ule niliouhangaikia wiki tatu na sarafu zangu, unapungua, unakuwa uzi, unazima. Nikageuka upande wangu, na huku umeshazima. Nikavuta kitasa. Kitasa kikafanya kazi vizuri tu. Mlango ukakaa kama umejengewa.

"Baba, kuna nini?"

"Hamna kitu mama, tunapiga picha."

Tukatabasamu. Zikapigwa picha kama kumi na tano.

Sasa nieleweni vizuri: vioo vya mlango vilikuwa juu, nimevibana kwa vipande vya mbao maana mashine za kupandishia sijafunga. Kioo cha mbele kipo, cha nyuma kipo, raba zote mpya. Na Volkswagen hizi zinasifika kwa kuziba, wazee watawaambia ilikuwa lazima ushushe kioo kidogo ndo mlango ukubali kufunga. Kilichobaki ni vile vidirisha vya pembetatu kule mbele, kimoja kwake kimoja kwangu, mkono unapita mpaka kwenye kiwiko. Na humo ndani ni mimi na mama mkwe, magoti yanaelekeana na gia, na nyie mnajua mkwe ni mkwe, mimi huyu mama hata kula mbele yake naona haya.

Nje wakaelewa kabla sijawaambia. Mzee akazunguka gari mara mbili, mikono nyuma, halafu badala ya kusaidia akaanza kuwahutubia watoto wa mtaa kwamba gari kama hii ndiyo iliyochukua Safari Rally 1962, Kenya, Uganda na Tanganyika yote kwenye tope, haikufa, sasa itashindwaje na mlango. Mimi namsikia kwa mbali kama redio ya jirani. Mke wangu akaja dirishani kwangu na kipepeo cha jikoni akawa anatupepea, Mungu ambariki, kile kipepeo kinanuka samaki lakini wakati ule kilikuwa pepo.

Mama kimya, anavuta Yaa Latifu polepole. Jasho linanitoka puani linadondoka kwenye usukani, nalihesabu. Halafu mama, bila kunigeukia, anaangalia mbele kama tuko safarini, akasema:

"Baba, hii gari mpaka sasa imekula shilingi ngapi?"

Sijui ni joto. Sijui ni nini. Ningeweza kusema kidogo tu mama. Ningeweza kujifanya nakohoa. Lakini jamani umefungiwa na mkwe kwenye bati, macho kwa macho na dashibodi ya mumewe, ulimi unakuwa wa mtu mwingine.

"Milioni sita na laki nne, mama."

Kipepeo kikasimama.

Nataka mpate picha. Mke wangu anajua milioni mbili. Milioni mbili ndiyo namba niliyompa, na nilimpa kwa kuapa. Kipepeo kiko hewani, hakipandi hakishuki, na kupitia kile kidirisha naona jicho moja tu la mke wangu. Moja. Linatosha. Mama akaendelea na Yaa Latifu lakini kwa sauti ya juu zaidi kidogo. Yule jamaa mwenye simu, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wa mama, akahamia kwangu.

Kipepeo hakikurudi tena.

Nikampigia fundi bodi kwa simu, akacheka kwanza, tena kwa utulivu, ndo akasema bodi imelalia milango kwa sababu ya uzito, punguzeni mzigo. Mzigo ni upi? Mimi, mama, na machungwa. Kwa hiyo ndio, ile sehemu mnayoiona kwenye klipu mikono inatoa machungwa kwenye vidirisha moja moja ni ya kweli. Mimi nanyoosha mkono nyuma, natoa mawili, moja nampa mama anatoa kwake, jingine natoa kwangu. Watoto wanapokea. Wengine wanakula. Mama anahesabu kwa sauti, kila chungwa, ishirini na saba, ishirini na nane, wewe mtoto rudisha hilo, ishirini na tisa. Tulifika mia mbili na tisa. Mlango haukusogea hata nywele.

Aliyetutoa ni mtoto wa darasa la tatu, mdomo umejaa chungwa: "Kwani zamani ilikuwa inafunguka ikiwa kwenye tofali, si muirudishe kwenye tofali?" Watu wazima kumi na wanne wakaangaliana. Jeki haipo, mwenye jeki kaenda Pangani nayo, basi wakachukua boriti ya jirani anayejenga, tofali chini, ncha ikaingia katikati ya upande wa kushoto, vijana watatu wakakalia mkia. Kobe akainuka, ule uzi wa mwanga ukarudi juu ya mlango, na mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, bila kelele yoyote, kama friji. Mama akashuka, akarekebisha khanga, akamsalimia kila mtu upya. Mimi nikapitia upande huo huo, juu ya gia, makalio mbele. Hiyo sehemu ndiyo jamaa kaipunguzia mwendo kwenye klipu, ahsante sana.

Mengine mnayajua. Kobe yuko kwa fundi, bati za chini zinakatwa tena, safari hii milango ikiwa imefungwa na bomba limeshikilia nguzo. Bei sijaitaja nyumbani. Nalala sebuleni lakini feni ipo.

Jana usiku mama katuma ujumbe, nikafungua huku natetemeka. Kaandika: "Salaam baba. Yalikuwa 212. Nilihesabu 209. Angalia chini ya kiti."

Mawili nimeyapata. La tatu lilikuwa limekaliwa.