Bakapu Ipo, Ufunguo Uko Wapi?

Hapa Dodoma ukimuuliza mtu anayejua kompyuta kama ana bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yake, anakujibu bila kusita: ipo, iko mtandaoni, tena imesimbwa, haisomeki bila ufunguo wake. Safi. Sasa umeme ukatike usiku huu, urudi kwa nguvu na kuunguza mashine. Kesho anaanzia wapi?

Wengi hapo hubabaika. Nywila iko kwenye programu ya kutunza nywila, na programu iko kwenye mashine iliyoungua. Akaunti nayo inataka tarakimu za uthibitisho kutoka kwenye simu. Simu ikiibwa, laini utairudisha kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, lakini tarakimu zilizokuwa zikitengenezwa na programu ndani ya simu hazirudi na laini.

Watumiaji wa Borg, programu ya kutengeneza bakapu, wana mtego wao. Ukichagua mtindo wa "keyfile", ufunguo unakaa kwenye kompyuta yako, ndani ya folda ya ~/.config/borg/keys. Nakala zinaweza kuwa salama salimini kwenye seva ya ng'ambo, na nywila ukaikumbuka herufi kwa herufi, lakini bila faili hilo huambulii kitu. Mtindo wa "repokey" huweka ufunguo pamoja na nakala zenyewe, ukilindwa kwa nywila. Restic, programu nyingine ya bakapu, nayo hufanya hivyo. AES-256, mbinu ya kusimba inayofunga nakala hizi, haina huduma kwa wateja.

Msimamo wangu ni wa kizamani: karatasi. Andika seva ilipo, jina la akaunti, nywila, jina la programu, na ile misimbo ya dharura unayopewa unapowasha uthibitisho wa hatua mbili. Andika kwa mkono, sifuri uitofautishe na herufi O. Usiende kuchapisha steshenari: ukishawatumia faili kwa WhatsApp, linabaki kwenye kompyuta yao, na kila mteja anayekuja kutafuta lake anapita juu ya lako.

Karatasi moja ibaki nyumbani, nyingine ikae kwa ndugu mkoa mwingine, mathalani kwa dada yako Singida. Wapo watakaosema huko ni kuvunja usiri. Mimi siogopi majasusi. Naogopa umeme, vumbi na kibaka wa Nkuhungu, na kibaka huyo hatapanda basi kwenda Singida kutafuta karatasi. Ukiwa na wasiwasi bado, ya Singida iwe na nywila tu, bila anwani ya seva.

Halafu azima kompyuta ya mtu, ukae na karatasi peke yake, ujaribu kurudisha faili moja. Ukikwama utajua kilichosahaulika mapema.

Jambo la mwisho ni kasi. GB 200 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 44 hivi, kama haikatiki, na bando nalo lina bei yake. Ndiyo maana vyeti, hati ya kiwanja na hesabu za mwaka huu nimeziwekea bakapu yao ndogo, ishuke kwa dakika chache hata kwa intaneti ya simu. Picha za harusi zitasubiri.