Simu za bei chee: waja leo, waondoka leo?

Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo, na sisi wenyeji tunaubandika kwa kila kisichokaa: mchumba, meneja mpya, mvua ya nje ya msimu. Siku hizi umehamia kwenye simu. Mtu akitoa mfukoni Tecno, itel au Infinix ya laki mbili na ushee, hakosi wa kumtania barazani kwamba hiyo ni waja leo waondoka leo, baada ya miezi sita itakuwa kwa fundi. Ushauri unaofuata kila mtu anaujua. Rahisi ni ghali. Kwa hela hiyohiyo au ukiongeza kidogo, kanunue mtumba wa maana, Samsung kubwa au iPhone iliyopitia Dubai, imetumika lakini ndiyo simu.

Ushauri huo una mantiki yake, nitaufikia. Ila nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja wa Ngamiani muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli zake, na nilichokiona pale kimenifanya nione kwamba simu hizi zinasingiziwa. Si kwa kila kitu, lakini kwa vingi.

Asubuhi moja alikuja mama anayenunua samaki Deep Sea na kuwauza Mgandini. Fundi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hii simu imenishinda. Inaganda, picha haipigi, mteja akinitumia ujumbe leo naupata kesho. Nikatupe?"

Fundi hakugusa bisibisi. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua sehemu ya hifadhi, akaigeuza simu amwonyeshe: GB 31.2 kati ya 32.

"Mama, simu haiumwi. Imevimbiwa."

Hiyo 32 ndiyo namba ninayoomba tukae nayo kidogo, kwa sababu nadhani imeua sifa za simu nyingi kuliko kiwanda chochote cha Shenzhen, Uchina. Boksi limeandikwa 32. Mfumo wenyewe wa Android, pamoja na programu zilizokuja nazo na ambazo hutaweza kuzifuta, unakula zaidi ya 10 kabla hujaweka laini. Zinazobaki hazifiki 22. Halafu inaingia WhatsApp. Mama yule alikuwa kwenye makundi kumi na moja: arusi mbili, vikoba, madrasa ya wajukuu, wauza samaki, ukoo wa baba, ukoo wa mama, na mengine ambayo hata yeye hakukumbuka nani alimwingiza. Kila kundi lina mtu wake wa kutuma waridi la "asubuhi njema" na video ya mawaidha ya dakika nane. Simu ikiachwa ilivyotoka dukani, inayapakua yenyewe. Video moja ikizunguka makundi manne inaweza kukaa mara nne. Na kila usiku saa nane, mwenyewe amelala, WhatsApp inajiwekea nakala ya mazungumzo yote, nakala za siku saba zilizopita zikibaki humohumo ndani.

Ukimwambia mtu haya atakujibu kwamba ana memori kadi. Haimsaidii hapa, maana WhatsApp huweka vitu vyake kwenye hifadhi ya ndani. Kadi ya 64 inabaki tupu pembeni huku ndani pamefurika.

Hifadhi ikifurika, simu haikosi nafasi ya picha tu. Chipu za hifadhi za simu hizi haziwezi kuandika juu ya kilichopo. Lazima zifute kwanza, na kufuta hufanyika kwa vitalu vizima, si kwa neno mojamoja. Penye nafasi, kazi hiyo hupita bila wewe kuhisi. Pasipo na nafasi, kila ujumbe unaoingia unalazimu vitu vihamishwe huku na kule kama vyombo katika chumba kimoja chenye wapangaji watano. Ndiyo kuganda kwenyewe. Kibaya zaidi, kuhamishahamisha huko kunaichosha chipu, kwa hiyo simu iliyoachwa imejaa mwaka mzima inazeeka kweli. Hapo yule wa barazani anakuwa amesema kweli kwa sababu isiyo sahihi.

Na ule ujanja wa kwenye boksi, "RAM 4+4", wenye kumfanya mnunuzi aamini amepata 8? RAM ni memori ya muda ambayo simu hufanyia kazi, na hiyo 4 ya pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi ileile kimeazimwa kifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni ya mwendo wa konokono ukiilinganisha na RAM yenyewe. Kwenye simu ya 32 iliyojaa, kukiwasha ni kumwongezea mgonjwa mzigo. Fundi alikizima kwanza, ndipo akafuta video, ndipo akazuia upakuaji wa moja kwa moja. Dakika arobaini, shilingi 5,000. Mama alipiga picha ya benchi letu kujaribu, akacheka jinsi ilivyotoka upesi.

Cha pili kinachosingiziwa Uchina ni bahari yetu wenyewe. Tanga ni joto na chumvi. Tundu la chaji likiingia unyevu wa jasho au wa bahari, kisha ukachomeka waya, umeme unapita kwenye unyevu ule na kuanza kuila pini, hasa ile inayobeba volti 5. Ukimulika tundu la simu ya mvuvi wa Sahare utaona rangi ya kijani kama ya sarafu ya kale. Mwenyewe anasema simu imekataa chaji. Fundi anachukua mswaki na spiriti, anasugua, anapuliza, inakubali. Isipokubali anabadilisha sistimu chaji yote. Kwa simu za bei chee spea hiyo imejaa madukani, na siku nilipokuwepo alitoza 10,000 pamoja na ufundi. Chaja za elfu tatu ninazipita haraka, kwani ubaya wake hauna mtetezi.

Spea ndiyo hoja yangu kubwa upande huu. Kwa kuwa kila nyumba ina simu hizi, kila fundi ana vioo vyake, betri zake, na maiti za simu za aina ileile za kunyofolea anachokosa. Kijana aliyekuja na kioo kilichopasuka cha Tecno alitajiwa 40,000, tachi na displei, akaambiwa aje saa kumi. Mwenzake aliyekuwa na Samsung kubwa ya mtumba alitajiwa 280,000, na kioo chenyewe kiagizwe Kariakoo, kije na basi kesho kama kipo. Alisimama pale akiitazama simu yake kama mtu aliyefiwa. Pesa aliyotajiwa ingemnunulia simu mpya.

Sasa niwape wa mtumba haki yao, maana wanayo. Simu ya daraja la juu iliyotumika miaka mitatu ina kamera ambayo ya laki mbili haiioti. Hifadhi yake inaandika kwa kasi mara kadhaa, fremu ni chuma, sauti inasikika hata sokoni. Anayeuza nguo kwa picha mtandaoni atapata faida ya kamera hiyo kila siku, na mimi simkatazi. Kama muuzaji ni mtu unayemjua, unajua kwake, na amekubali uishike wiki moja, hoja inakuwa nzito kweli.

Lakini wengi hawanunui hivyo. Wananunua kwa mtu aliyeitandaza kwenye boneti. Betri ya simu hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, ambayo kwa anayechaji kila siku ni kama mwaka na nusu, kwa hiyo mtumba wa miaka mitatu umeshavuka huko. Sifa ya kutoingia maji ilikwisha siku kifuniko kilipofunguliwa na gundi yake kukatwa. Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015 ina kufuli la akaunti ya Google, hivyo ukiifuta simu upya bila kujua barua pepe na nenosiri la mwenye asili, unabaki na kioo cha kujitazamia. Na wapo walionunua iPhone 6 kwa ajili ya jina. Tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone ambazo mfumo wake haufiki iOS 15.1, na iPhone 6 haifiki. Wakati huohuo kwa upande wa Android iliendelea kukubali hata toleo la 5, la mwaka 2014. Kitecno cha zamani kikabaki hewani, tufaha likazima.

Hoja ya wakosoaji ninayoiogopa mimi ni nyingine, nayo ni usalama. Kwenye simu ya yule mama, chini kabisa ya mipangilio, tarehe ya sasisho la mwisho la usalama ilikuwa imepita miaka miwili. Fundi hawezi kuisugua hiyo kwa mswaki. Simu nyingi za daraja hili hupata masasisho machache kisha zinasahauliwa, ilhali Samsung iliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16 iliyotoka mwishoni mwa 2024, ingawa bei yake iko juu ya tunayoizungumzia. Na mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba ilikuta programu hasidi ziitwazo Triada na xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Ziliwekwa kabla simu haijafika kwa mnunuzi. Transsion, mwenye Tecno, itel na Infinix, alimtupia lawama mchuuzi fulani katika mnyororo wa ugavi, bila kumtaja. Salio linaloliwa kidogokidogo na mtu asijue ni nani anayelila, hilo silitetei.

Ninachoweza kusema ni kwamba hatari hiyo haiwaangukii watu wote sawasawa. Mama yule anatuma na kupokea fedha kwa kupiga *150*00#, njia inayofanya kazi hata kwenye kitochi na isiyohitaji kupakua programu yoyote. Hajaweka programu ya benki, hana barua pepe za kazi. Mhasibu mwenye akaunti tatu za benki ndani ya simu yake ana sababu ya kulipa zaidi. Wala mtumba hauponi hapa: simu kubwa ya miaka sita nayo huenda imeshaachwa na kiwanda chake, tena bila mnunuzi kuambiwa.

Simu feki ni shauri jingine kabisa, na kuzichanganya na simu za bei nafuu ndiko kulikoanzisha dharau hii. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilizizima mtandaoni, na walioamka na simu bubu waliapa kutonunua tena "Mchina", kana kwamba iliyozimwa ni nchi. Zilizozimwa ni zile ambazo namba zake za utambulisho, IMEI, hazikuwa halali. Piga *#06#, chukua tarakimu 15, zitume kwenda 15090, usome jina la simu litakalorudi. Likija jina tofauti na lililoandikwa mgongoni, rudisha pesa mfukoni. Nashangaa mpaka leo jinsi wachache wanavyofanya hivyo mbele ya muuzaji, eti ni kumvunjia heshima.

Basi kwa nini dukani bado kuna simu ya 32? Kwa sababu ya bei, na bei ina mkono wa serikali ndani yake. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwenye simu janja ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba mlaji hakuona bei ikishuka. Huenda hakuiona kweli. Wafanyabiashara wetu ninawajua. Lakini mwaka mmoja ni mfupi kwa soko ambalo mzigo wake unaagizwa miezi kabla, na kuna simu zilizouzwa mwaka huo zilizokuwa zimeshalipiwa kodi zamani. VAT ya asilimia 18 ndani ya bei ya 250,000 ni zaidi kidogo ya 38,000. Tuseme ni pungufu, kwa kuwa bandarini kodi hukatwa kwenye thamani ya mzigo na si ya rafu. Hata iwe 25,000.

Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka moja la Chumbageni kumtafutia mpwa wangu simu. Kabatini kulikuwa na mbili za jina moja, rangi moja, kamera ileile. Ya 32 ilikuwa 215,000, ya 64 ilikuwa 250,000. Mbele yangu alikuwepo kijana wa bodaboda, kofia bado kichwani. Akauliza tofauti yake nini, muuzaji akamwambia, "Hii inaingiza vitu vingi, basi." Kijana akazihesabu noti zake mara mbili, akatazama nje ilipo pikipiki, akachukua ya 32.